Mtungi Mweusi na Stata ya Upepo

Kaka yangu aliniuliza, mbele ya tajiri wake na mbele ya fundi, kama kile kilichokuwa ndani ya mtungi mweusi kingeweza kuizungusha stata ya lori lake. Nilimjibu kuwa kingeweza. Halikuwa jibu la uongo. Aliuliza jambo moja nami nikajibu hilo hilo moja, kisha nikafunga mdomo. La pili, ambalo mimi peke yangu katika ua ule nilikuwa nalijua, nililiacha likae kifuani. Nimezeeka sasa, na katika umri huu nimesema mengi nisiyopaswa kuyasema. Yote hayo sikosi usingizi kwa ajili yake. Nakosa usingizi kwa lile nisilolisema.

Tulikuwa Msambweni, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka skuli ya sekondari Mombasa miezi michache tu nyuma, na nilikuwa nikingoja majibu ya maombi ya kazi ya ukarani. Baba yetu alikufa nikiwa mdogo, na kaka ndiye aliyenisomesha kwa kazi yake ya udereva. Alikuwa amenizidi miaka tisa. Yeye mwenyewe alisoma chuoni tu, akahitimu msahafu, basi. Kila niliporudi nyumbani wakati wa likizo alikuwa akinikalisha barazani na kuniuliza nimefundishwa nini, na nilipomweleza alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeonjeshwa chakula kigeni na kukipenda.

Lori alilokuwa akiendesha lilikuwa limebaki kutoka vitani. Lilikuwa zito, lenye pua ndefu, na rangi yake ya jeshi ilionekana bado palipochubuka rangi mpya. Lilichukua boriti kutoka Vanga na Jego kuzipeleka Diani, ambako Wazungu walikuwa wakijijengea nyumba kando ya pwani. Tajiri aliyemwajiri alikuwa na lori jingine pia, na siku hizo lilikuwa bara, katika mji wa Mackinnon Road, na dereva wake.

Lori la kaka halikuwashwa kwa betri kama magari mengine. Chini ya fremu yake palikuwa na tangi la chuma lililojazwa upepo kwa nguvu. Dereva alipokanyaga kitufe kilichokuwa sakafuni, karibu na kiti chake, upepo ulitoka katika tangi, ukapita bombani chini ya miguu yake, ukafika kwenye mota ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, ndiyo stata. Upepo uliyasukuma mapezi ya mota ile, nayo ikaizungusha injini mpaka ikawaka. Injini ikishawaka, pampu yake ililijaza tangi tena. Kwa hiyo kila safari lori lilijiwekea pumzi ya kuamkia kesho yake. Likiikosa pumzi hiyo, lilikuwa chuma kilicholala.

Siku ile ya Jumatano lori liliamka bila nguvu. Lilikuwa limelala katika ua wa fundi, nyuma ya maduka, likiwa limeshapakiwa boriti mpaka juu. Kaka alikanyaga kitufe. Tulisikia mfyonzo mrefu, kama mtu anayevuta pumzi kupitia menoni, mota ikajigeuza nusu, ikasimama. Akakanyaga tena. Mfyonzo ule ule, mfupi zaidi.

"Lina mafua," alisema fundi.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo viliweza kuokota nati ndogo kuliko punje ya mtama. Alikuwa hodari, na ulimi wake haukuwa na breki. Nilimwamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, shehe wa skuli. Leo tuna bahati. Msomi yupo, tutamaliza kabla ya adhuhuri."

Kaka alicheka. Alijivunia hata mzaha ule, kwa sababu ulimtaja mdogo wake kuwa msomi.

Geji ya tangi ilionyesha kuwa upepo ulikuwepo wa kutosha. Mimi nilifikiri kwa namna niliyofundishwa: kama upepo upo na mota haizunguki, basi ugonjwa uko ndani ya mota. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefuzu. Nilisema mapezi yamegandiana kwa uchafu na kukosa mafuta, tuishushe mota tuifungue. Fundi alikuna shingo. Yeye alitaka kuanza na viungo vya bomba, kuvipaka povu la sabuni aone panapovuja. Kaka alinitazama mimi, akamtazama fundi.

"Tumsikilize kijana," alisema. "Skuli si mchezo."

Tukaishusha mota. Ilituchukua sehemu kubwa ya asubuhi, tukilala chali mchangani, kutu ikituingia machoni. Nilipoifungua, mapezi yote yaliteleza bila shida. Mota haikuwa na kasoro yoyote. Sikutaka ionekane kuwa kazi ilikuwa ya bure, kwa hiyo niliyasafisha mapezi kwa mafuta ya taa, kisha nikayamiminia mafuta ya injini, na mengine nikayamimina katika mdomo wa bomba yakashuka ndani. Yalikuwa mengi kupita haja. Mkono huu ninaoandikia ndio ulioyamimina.

Tuliporudishia mota, kaka akakanyaga kitufe. Mfyonzo, nusu mzunguko, kimya.

Fundi aliketi juu ya tairi akajipiga paja. "Mmemvua nguo bibi harusi wa watu, mkamkagua, mkamvika. Naye hakuwa na kitu. Sasa nani atamwomba radhi?"

Watu wawili waliokuwa wakipita njiani walisimama kusikiliza, na fundi akawasimulia upya, akiongeza na mikono. Walicheka. Kaka pia alicheka, kidogo, akiinamisha kichwa. Cheko la wapita njia halikunidhuru. La kaka ndilo lililonichoma.

Kisha tukafanya alivyotaka fundi tangu mwanzo. Kaka mwenyewe alichukua kopo la povu na kitambaa akaenda akipaka kiungo kimoja baada ya kingine. Katikati ya bomba palikuwa na vali, kidude cha chuma kama bakuli mbili zilizofunikiana, ambacho kazi yake ilikuwa kuufungulia upepo wote kwa mara moja dereva anapokanyaga kitufe. Povu likaanza kupumua pale. Lilipanda na kushuka kama koo la chura. Tulipokifungua tukakiona kiwambo cha ndani, ule mpira unaowambwa kama ngozi ya ngoma, umechanika ukingoni. Ndiyo maana upepo mwingi ulikuwa ukipotea hapo, na uliofika kwenye mota ulikuwa mabaki.

Fundi alikata kiwambo kipya kutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu. Alikata kwa kisu cha kawaida, bila kipimo, na kiliingia mahali pake kama kilichotoka kiwandani. Mpaka leo nasema ile ilikuwa kazi safi. Lori lilikuwa limepona.

Lakini majaribio yetu yalikuwa yamelimaliza tangi. Sindano ya geji ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Kwa kawaida, jambo hili likitokea, lori la pili lilisogezwa karibu na kuligawia mwenzake upepo kwa mpira mrefu. Lori la pili lilikuwa Mackinnon Road na lilitazamiwa kesho yake. Tulijaribu pampu ya mguu, ile ya magurudumu. Tulikanyaga kwa zamu mpaka jasho likatuingia viatuni, na sindano ilisogea unene wa unywele. Kulisukuma lori lenye boriti zile, katika mchanga ule, halikuwa jambo la kufikiriwa.

"Kesho basi," alisema fundi. "Mgonjwa keshapona, mwacheni alale."

Ndipo tajiri alipoingia uani, akitoka kuswali adhuhuri. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu aliyezungumza chini, na alipokasirika alizungumza chini zaidi. Alimuuliza kaka lori limelala hapo siku ya ngapi. Kaka akamwambia limelala usiku mmoja tu, na ugonjwa umeshapatikana.

"Mwezi uliopita lililala Jego," tajiri akasema. "Kabla ya hapo lililala njiani. Mwenzako wa Mackinnon Road gari lake halilali. Likilala hapa leo tena, kesho akirudi nitampa yeye usukani huu, na la kwake nitalitafutia mtu. Sina ugomvi nawe. Ni kazi tu."

Kaka alijibu, "Sawa, tajiri," na akaanza kuifuta mikono ambayo ilikuwa safi tayari. Nilijua alichokuwa akikifikiria. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yetu alikuwa akimtegemea yeye. Na mimi sikuwa na kazi bado. Usukani ule ndio uliokuwa ukitulisha wote.

Mtungi mweusi ulikuwa umesimama ukutani, kivulini, pamoja na mwenzake mwekundu uliokoza. Ndiyo mitungi ya kuchomelea vyuma. Asubuhi nzima tulikuwa tukipita mbele yake. Sasa fundi aligeuka akautazama.

"Ule ulijazwa juzi," alisema. "Nguvu zilizomo humo zinalijaza tangi hili mara kumi. Mpira wa kuunganisha ninao."

"Unafaa?" aliuliza tajiri.

"Sijawahi kufanya. Lakini kinachosukuma ni nguvu. Mota haiulizi upepo umetoka wapi."

Ndipo kaka aliponigeukia mimi. Baada ya aibu yote ya asubuhi, bado alinigeukia mimi.

"Wewe umesoma," alisema. "Kilichomo mle kinaweza kuizungusha stata?"

Katika kidato cha pili mwalimu wetu wa sayansi alituonyesha gesi iliyomo mle, oksijeni. Aliikusanya katika chupa, akawasha kijiti, akakipuliza mpaka kikabaki na kaa jekundu tu nchani, kisha akakiingiza chupani. Kile kijiti kilichokuwa kinakufa kililipuka moto mweupe. Darasa zima lilisema aah. Akatuambia kuwa gesi hii haiwaki yenyewe, bali inakifanya kila kinachoweza kuwaka kiwake kwa hasira, na kwamba mafuta yakikutana nayo kwa nguvu hayahitaji hata kiberiti. Alituandikisha maneno hayo. Ninaukumbuka hata upande wa ukurasa nilipoyaandika.

Na mimi ndiye niliyeyamimina mafuta katika bomba lile, saa mbili zilizopita.

Niliyajua yote hayo nikiwa nimesimama pale, yakiwa wazi kama ninavyoyaandika sasa. Lakini nilimwona pia fundi, mdomo wake umeshaanza kupinda upande mmoja, anangoja. Nilimwona akiwasimulia wapita njia: msomi aliyeisingizia ugonjwa mota nzima sasa anauogopa mtungi. Nikajiambia huenda haitakuwa kitu. Kilichotokea katika chupa ya skuli huenda hakitatokea katika chuma. Huenda mafuta yameshakauka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

"Kinaweza," nilisema. "Itazunguka."

"Basi msomi kaidhinisha," alisema fundi, akaenda kuuviringisha mtungi.

Nilisimama nikimtazama akifunga mpira, upande mmoja kwenye mtungi, upande wa pili kwenye tangi. Alipoufungua, mlio ulikuwa mwembamba na mkavu, si kama ule wa pampu. Sindano ya geji ilipanda haraka, bila kusita, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoijua. Hakukuwa na harufu. Kuku waliokuwa wakichakura chini ya lori waliondoka wote pamoja, na mpaka leo sijui kwa nini. Fundi akaufunga mtungi, akang'oa mpira.

Hapo nilifanya kitendo kimoja ambacho nimekipima miaka yote hii bila kujua nikiweke upande gani. Nilimwambia kaka, "Niache mimi niliwashe."

"Wewe?" Alishangaa, akatabasamu. "Kwa nini?"

"Nataka tu."

Nafasi nyingine hiyo ilikuja ikapita. Alikuwa ameniuliza kwa nini. Nilikuwa radhi kukaa juu ya kiti kile, lakini sikuwa radhi kusema sababu.

Fundi alikuwa ameshasikia. "Haiwezekani, bwana mdogo," alisema, na safari hii hakuwa akifanya mzaha. Ua ule ulikuwa na desturi yake, na madereva wote wa upande wetu waliishika: gari likitoka katika matengenezo, anayelikanyaga wa kwanza ni dereva wake. Mwingine akitangulia, gari humkana mwenyewe na kumtupa njiani. Fundi mwenyewe, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kuligusa gari la mtu kabla yake. "Mwenye nalo ndiye anayeliamsha. Unataka kumletea nduguyo mkosi?"

"Utaendesha siku nyingine," kaka aliniambia, akanipiga begani kidogo. "Nitakufundisha, inshallah."

Alivua makubadhi yake akayapanga mchangani chini ya ngazi ya lori, kama alivyozoea, kwa sababu hakupenda kuendesha bila kuzisikia pedali kwa nyayo. Akapanda. Akasema bismillahi. Nilimwona kupitia dirishani akiinamisha kichwa kukitafuta kitufe kwa mguu wake mtupu.

Stata ilizunguka. Ilizunguka kwa kasi ambayo sijaisikia tena, na injini ikawaka, na kwa muda wa pumzi moja fundi aliinua mikono juu kwa furaha. Kisha bomba lililopita chini ya sakafu likapasuka. Mlipuko haukuwa mkubwa kama watu walivyousimulia baadaye. Ulikuwa mkavu, kama mlango mzito uliofungwa kwa nguvu. Lakini moto ulikuwa mweupe. Ulitoka pale kilipokuwa kitufe, ukapanda sakafuni, na ulikuwa mweupe vile vile nilivyouona darasani.

Tulimtoa. Tajiri ndiye aliyemvuta kwanza, akaungua mikono yote miwili, na hilo namshukuru. Fundi aliufukia moto kwa mchanga huku akilia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeyashika makubadhi. Sijui niliyaokota lini.

Kaka alilala hospitali siku tisa. Miguu yake ilikuwa imeungua mpaka juu ya mapaja, na tumbo. Siku ya tatu alikuwa na fahamu nzuri, akanitaka nikae karibu.

"Ilizunguka?" aliniuliza.

"Ilizunguka, kaka."

"Ulisema itazunguka." Alifumba macho, na uso wake ulikuwa na ile hali ya barazani, ya mtu aliyeonjeshwa kitu akakipenda. "Nilimwambia fundi. Skuli si mchezo."

Nilikuwa na siku sita zaidi za kumwambia. Nilikwenda kila siku, nikakaa pale pale, nikampepea nzi. Sikumwambia. Siku ya tisa, baada ya alasiri, alikufa.

Ofisa wa polisi alikuja akauliza. Fundi alisema mkono uliofungua mtungi ulikuwa wake, hakujua, na hakumtaja mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Tajiri, ambaye ua ule ulikuwa wake, alimfukuza, naye fundi akahama na familia yake, na kabla hajaondoka alikuja kwetu kumwomba mama msamaha. Mama akamsamehe. Mimi ndiye niliyemletea kiti akae.

Baada ya khitma ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, mama alikuwa ameketi uani akisuka ukili. Aliniita.

"Mwanangu, njoo ukae." Nikakaa. Aliendelea kusuka bila kunitazama. "Fundi anasema hakujua. Tajiri anasema hakujua. Nami nawaamini, hawakusoma. Wewe umesoma. Skuli hawakuwafundisheni habari ya mtungi ule?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini mzigo ule ulikuwa umeshakuwa mzito mno kuubeba, na yeye alikuwa mama yangu.

"Walitufundisha, mama."

Vidole vyake vilisimama. "Lini?"

"Kidato cha pili."

"Kabla, basi."

"Naam. Kabla."

"Na alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Hakulia, wala hakunilaani. Aliuzungusha ukili wake mkononi, akaufunga, akasimama akaingia ndani. Wiki hiyo hiyo alimchukua shemeji yangu, wakaenda Jego kwa mjomba wetu, na mtoto alizaliwa huko. Nilikwenda mara nyingi. Nilipokelewa kwa adabu, nikawekewa mkeka, nikaletewa chakula na mtu mwingine. Mama aliitikia shikamoo yangu kila mara. Alizungumza nami habari za mvua na za minazi.

Sikusema kwa sababu sikutaka kuchekwa mara ya pili kwa siku moja. Kaka yangu alikufa kwa ajili hiyo, akiwa bado ananiamini. Mtoto wake hakumwona baba. Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile uani, na katika miaka hiyo yote hakuniita tena mwanangu.